Kimbunga kinakuja, tubaki au tuondoke?

SWALI: Habari za kazi, naomba mnijibu haraka. Tumeambiwa kimbunga kitatufikia baada ya siku mbili hivi na sisi tunakaa karibu kabisa na bahari, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe anayechoma insulini. Mume anasema ni daraja la 1 tu, tubandike tepu kwenye vioo tukae ndani, jenereta tunayo. Roho yangu haitulii. (Mama Watatu)

JIBU: Pole sana dada, na hiyo roho isikilize. Mwambie shemeji kwamba daraja linapima upepo tu, la 1 linaanzia kilomita 119 kwa saa na la 5 linaanzia 252, ila kuhusu maji halisemi kitu, na maji ndo yanaua zaidi, kwa sababu upepo unaisukuma bahari inapanda mpaka majumbani na mvua nayo inamwagika juu yake. Kimbunga Florence cha mwaka 2018 kule North Carolina, Marekani, kiliingia nchi kavu kikiwa daraja la 1 hilohilo na mafuriko yake yakaua watu.

Kwa hiyo mamlaka wakisema hameni, hameni siku hiyohiyo, mchana, kabla upepo haujaanza. Sio lazima muende mbali, nyumba imara ya ndugu iliyo mahali pa juu inatosha. Msingoje muone maji kwanza maana maji yanayokwenda kasi, hata sentimita 15 tu, yanamwangusha mtu mzima, na 30 yanaweza kubeba gari dogo. Insulini ya mama iwekeni kwenye kibegi chenye barafu lakini ifungeni kitambaa isigusane na barafu, ikiganda haifai tena. Sindano, vyeti na vitambulisho vyote kwenye mfuko usiopitisha maji, simu zijae chaji, na keshi kidogo muwe nayo maana umeme ukikatika mitandao ya pesa nayo inaweza kukatika.

Kama hamjaambiwa kuhama na mmeamua kubaki, tepu achaneni nayo, kioo kinavunjika vilevile tena vinaruka vipande vikubwa, pigilieni plaiwudi kwa nje. Maji ya kunywa na kupikia wekeni lita 4 kwa mtu kwa siku, nyie sita kwa siku tatu ni lita 72, ya chooni mbali. Upepo ukianza kaeni chumba cha katikati kisicho na dirisha, na ukitulia ghafla asitoke mtu, hilo linaweza kuwa jicho la kimbunga linapita, upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Na jenereta dada, nakuomba sana, isiwashwe ndani wala barazani wala gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, familia nzima inaweza kulala isiamke. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha, mvua ikinyesha bora mkae giza.

SWALI: Umeme ukikatika vyakula vya friji nifanyeje? (Msomaji)

JIBU: Usiifungue fungue. Friji ikifungwa inatunza ubaridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, ikijaa nusu tu ni kama saa 24. Nyama ukiitilia shaka itupe, usiionje.