Kilele cha risasi kufifia kwenye maji ya kisima

Ndugu, umesema elektrodi zako za grafini zinaisoma risasi (metali ya sumu, Pb) vizuri kwenye maji safi ya maabara, ila ukiweka maji ya kisima kutoka Makutupora kilele chake, yaani nundu ya mkondo wa umeme kwenye grafu, kinafifia na kuhama. Tafadhali usizitupe. Anza na maji yenyewe.

Maji ya visima mara nyingi yana bikaboneti nyingi, nayo humeza asidi ya bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH mahali pake). pH ikipanda, bismuthi, metali unayoongeza ili ijikusanye pamoja na risasi kwenye elektrodi, hugeuka chembe na kutuama kabla ya kufika huko. Tia asidi ya nitriki safi hadi pH 2 palepale kisimani, kwenye chupa ya plastiki; hiyo pia huzuia risasi kushika kuta za chupa. Ukirudi maabara changanya mililita 5 za sampuli na mililita 5 za bafa ya asetati 0.2 M, kisha rekebisha pH iwe 4.5. Bismuthi iwe mikrogramu 500 kwa lita. Kusanya metali hizo kwenye elektrodi kwa volti −1.2 kwa sekunde 120 huku ukikoroga, tulia sekunde 10, ndipo upandishe volti hadi −0.3 ili risasi itoke na kilele kionekane.

Kuhama kwa kilele ni suala la kloridi. Rejeo la fedha lililochapwa kwenye kadi ya elektrodi, ambalo volti hupimwa kwa kulilinganisha nalo, halina chumvi yake: kloridi ikiongezeka mara kumi, volti husogea takriban milivolti 59. Weka kloridi ya potasiamu 0.1 M kwenye viwango (maji yenye risasi ya kiasi kinachojulikana) na kwenye sampuli, zote sawa.

Na tafadhali acha kukokotoa kwa mstari wa grafu wa viwango vya maji safi. Ongeza risasi inayojulikana ndani ya sampuli ileile, mara tatu, ukokotoe kutoka hapo.