Kuitangaza programu huria bila fedha

Swali: Jumuiya yetu hutengeneza programu huria (programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha), lakini haina fedha za matangazo. Tufanyeje ili ijulikane?

Jibu: Watumiaji walioridhika ndio watangazaji wenu wa kwanza. Mwaka 2004, wapenzi wa Firefox, programu huria ya kufungulia tovuti, wapatao 10,000 walichanga fedha, na mwezi Desemba majina yao yakachapishwa katika tangazo la kurasa mbili kwenye gazeti la New York Times. Anzeni kwa kurekebisha maelezo ya utangulizi ya programu yenu, ambayo mara nyingi hutaja lugha ya kompyuta iliyotumika kabla ya kusema programu inamsaidia nini mtumiaji, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, wageni wengi hupotea. Kila toleo jipya liambatane na taarifa fupi kwa wanahabari, yenye picha na jina la msemaji anayejibu upesi.