Mbona ndani giza hivyo?

SWALI: Mhariri shikamoo. Niko London kimasomo, wikiendi iliyopita tulienda na rafiki yangu kwenye ile nyumba ya zamani Stafford Terrace namba 18, kule Kensington, imefanywa makumbusho. Kiingilio tumelipa, kuingia ndani giza giza tu, vyumba vimejaa makorokoro hadi hujui uangalie wapi. Na mwenye nyumba hakuwa mfalme wala nini. Si wawashe taa? Na nyumba ya mtu tu inatunzwa hivyo ya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo giza ndo linaitunza. Mwanga unakula rangi, we si unajua kanga ikisahaulika kwenye kamba wiki nzima inavyopauka, sasa fikiria pazia na karatasi za ukutani za zaidi ya miaka 100, zikishapauka hazirudi tena hata uzifungie kabatini.

Mwenyewe, Edward Linley Sambourne, alikuwa mchora katuni wa gazeti la Punch, alihamia hapo na mkewe Marion mwaka 1875. Hela alikuwa nayo ila ya kuhesabu. Pale sebuleni alibandika karatasi ya bei mbaya yenye nakshi za dhahabu, lakini nyuma ya picha hakubandika, si hapaonekani bwana! Ikulu ya mfalme huwezi kuona kitu kama hicho, mi ndo maana naipenda hii nyumba.

Halafu bafuni. Kazi za gazeti zilikuwa zinamkimbiza, basi akawa anajipiga picha mwenyewe, anapiga na familia na watumishi wakiwa kwenye mapozi, anachora kutokea hapo, na picha anazisafishia humohumo bafuni kwenye beseni la marumaru.

Hayo makorokoro ni yaleyale ya kwao. Alifariki 1910, Marion 1914, mtoto wao Roy akakaa mpaka 1946 bila kubadilisha kitu sana, baadaye ikaja kwa mjukuu wao, Anne. Enzi zake majumba ya aina hiyo, ya zama za Malkia Victoria, yalikuwa yanabomolewa tu watu wakiyaona mabaya, yeye akawaita wenzake humo ndani mwishoni mwa miaka ya 1950, ndo ikazaliwa Victorian Society ya kuyatetea. Mwaka 1980 nyumba ikauzwa kwa serikali ya jiji, ikafunguliwa kwa watu wote.

Rudi tena mchana wa jua, simama kwanza macho yazoee, ndo uanze kupanda ngazi.