P0411: usikimbilie kununua pampu

Kaka, P0411, hiyo kodi ya hitilafu inayosomwa kwenye kompyuta ya gari, haimaanishi pampu ya hewa (ile inayopuliza hewa kwenye egzosi injini ikiwa baridi) imekufa; ni kwamba hewa haifiki kwenye egzosi inavyotakiwa. Gari likilala nje na baridi hii ya Arusha, liwashe asubuhi usikilize: pampu huvuma kama dakika moja hivi, kisha inazima.

Kimya? Angalia fyuzi na rilei, halafu ipe pampu volti 12 moja kwa moja toka betri, kwa waya mnene wenye fyuzi. Ikivuma hapo, pampu ni nzima, tatizo ni umeme unaoifikia. Kama ilivuma yenyewe asubuhi, chomoa mpira wa hewa upande wa valvu inayoruhusu hewa kuingia kwenye egzosi. Hewa inatoka kwa nguvu? Basi shuku valvu haifunguki, au haipati amri ya kufunguka. Ukikuta maji au masizi ndani ya mpira, valvu inavujisha moshi kurudi nyuma, na huo unyevu ndio unaokamatisha pampu. Ukifunga pampu mpya na valvu ileile, nayo itakufa.