Tofali la udongo halipunguzi saruji ukilipiga plasta: jibu kutoka kwenye daftari langu la ujenzi Dodoma

Ndugu muuliza swali, umesema una kiwanja pembezoni mwa Jiji la Dodoma, unataka nyumba ya vyumba vitatu isiyoharibu mazingira, na umekwama kati ya matofali ya kuchoma, ya saruji na ya kufungamana (ya udongo na saruji kidogo, yanayofyatuliwa kwa mashine bila kuchomwa na kushikana kwa meno na matundu). Tena fundi wako amekuhakikishia kwamba haya ya kufungamana yanapunguza saruji kwa nusu. Nyumba ya ukubwa huo nimeijenga mkoani humo kwa matofali ya kufungamana, nikisimamia mwenyewe, na daftari la matumizi ninalo mpaka leo. Nitakujibu kwa kulifungua daftari hilo, kwa sababu na mimi niliambiwa habari ya nusu, nikaiamini.

Matofali ya kuchoma niliyaacha mapema. Kijijini kwetu niliwahi kusaidia kupanga tanuru, na aliyewahi kukesha akisukumia magogo kwenye matundu ya tanuru hahitaji kuelezwa miti inakokwenda. Yale ya katikati yanaiva vizuri, ya pembeni yanatoka mabichi, na mvua ya kwanza inayarudisha kuwa udongo. Kama kuni zingelipiwa bei ya kupanda na kukuza mti mwingine mahali pake, hakuna ambaye angeyaita matofali ya bei nafuu.

Sasa hesabu ya saruji, maana hapo ndipo penye mgogoro. Tofali la kufungamana linalofyatuliwa kwa vipimo vinavyotumiwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, yaani NHBRA, lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 33 hivi. Kuta zangu, baada ya kutoa milango na madirisha, zilikuwa mita za mraba 160, sawa na matofali 5,300. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulinipa matofali 70, kwa hiyo nilitumia mifuko 76 kwa matofali peke yake. Jirani yangu, ambaye ramani yake inafanana sana na yangu, alijenga kwa matofali ya saruji ya inchi sita. Yeye alipata matofali 35 kwa mfuko, na kwa kuwa tofali lake ni kubwa na mita moja ya mraba inamaliza kama kumi tu, mifuko yake ya matofali ilikuwa 46. Soma tena hapo: kwenye matofali pekee, mimi niliyejenga "kijani" nilikuwa nimemzidi kwa mifuko 30.

Mambo yaligeuka baadaye. Jirani alihitaji mifuko 16 ya udongo wa kujengea, maana matofali yake yanaunganishwa kwa saruji na mchanga katika kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, kisha mifuko 35 ya plasta ndani na nje, akafika 97. Mimi kozi ya kwanza tu ndiyo niliyoilaza juu ya saruji. Nyingine zote zinashikana zenyewe, jino kwenye tundu, na fundi anachohitaji ni kamba, pima maji na nyundo ya mpira. Plasta nilipiga bafuni na jikoni basi. (Msingi, jamvi, yaani sakafu ya zege, na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, sikuviweka kwenye hesabu hii kwa sababu vinalingana kwa wote wawili.) Nilipofunga daftari nilikuwa nimeokoa mifuko karibu 20, ambayo si haba, lakini si nusu, na yote imetokana na kazi ambayo sikuifanya. Ningekubali shinikizo la ndugu waliokuwa wanakuja kutembea na kuniuliza nyumba itakwisha lini, nikapiga plasta pande zote mbili, ningevuka mifuko 105 na kumzidi jirani. Shemeji yangu hadi leo anaamini kwamba fedha ziliniishia.

Nasisitiza mifuko kwa sababu saruji ndiyo yenye mzigo mkubwa wa hewa ukaa katika nyumba kama zetu. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 1,450 hivi ili kupata klinka, kiungo kikuu cha saruji, na ubaya wake ni kwamba hata moto huo ungetokana na nishati safi kabisa, jiwe lenyewe linapoungua hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa kwa kila tani ya klinka. Hivyo usinunue saruji yenye nguvu kuliko kazi unayoipa. Mfuko ulioandikwa 32.5, ambayo ni daraja la nguvu, unatosha kwa matofali na plasta, na kwa kawaida klinka yake ni pungufu. Ule wa 42.5 uache kwa ajili ya lenta, nguzo na zege lolote ambalo mhandisi amelitaja.

Kuhusu udongo, usikubali kuanza kufyatua kabla hujaupima. Chukua chupa pana inayoonyesha ndani, weka udongo uliochekechwa hadi theluthi moja, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uiache mahali tulivu mpaka kesho yake. Mchanga hutuama chini ndani ya dakika moja au mbili, tope laini hufuata juu yake, na udongo wa mfinyanzi hukaa juu kabisa. Pima kila tabaka kwa rula. Unatafuta udongo ambao sehemu yake kubwa ni mchanga, na mfinyanzi wake ni wa kushikanisha tu, kama robo hivi. Kisha tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kijaze udongo uliolowana, ukianike. Udongo ukikauka utajivuta na kuacha pengo mwishoni, na pengo hilo ndilo litakalokuambia kama uongeze mchanga. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi kiasi cha kuingiza mkono, usiufyatue kabisa, na kama kiwanja chenyewe ndicho kimekaa juu yake, zungumza kwanza na mhandisi kuhusu msingi.

Vipimo hivyo nilivifanya vizuri, nikaharibu mahali pengine. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua la Dodoma mnalijua, na vijana wangu walikuwa na mtindo wa kuchanganya asubuhi udongo wa siku nzima ili mchana wabaki kufyatua tu. Saruji huanza kushika tangu inapokutana na maji. Mchanganyiko ambao haujatumika ndani ya saa moja unakuwa umepoteza nguvu kabla haujaingia kwenye mashine. Zaidi ya hapo, matofali waliyapanga juani bila kuyafunika. Siku ya nne nilichukua moja, nikalikwaruza pembeni kwa ufunguo wa pikipiki, likamomonyoka kama kisheti. Matofali kama 400 yalikwenda hivyo, nje ya yale 5,300 ya kwenye hesabu. Tangu siku hiyo tulichanganya toroli mbili tu kwa wakati mmoja, matofali yakafunikwa kwa nailoni chini ya kivuli, yakamwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba, na hakuna lililopanda ukutani kabla ya siku 28. Kijana wa kumwagilia mlipe kwa siku na umweke huyo huyo kila siku. Ukiiacha kazi hiyo iwe ya kila mtu, matofali yatakauka.

Suala la joto halihusiani sana na tofali kama watu wanavyodhani. Bibi yangu aliishi kwenye tembe, nyumba ya Kigogo yenye kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo juu ya magogo, na saa nane mchana ungeingia mle ukahisi umeingia kwenye kivuli cha mbuyu. Sikushauri ujenge tembe. Lilikuwa fupi, lina giza na moshi, na mchwa walikuwa wanalila kila mwaka. Ila lilikuwa na paa zito, na sisi tumelibadilisha kwa bati moja jembamba. Mimi nilichagua bati la rangi ya kahawia iliyokoza kwa sababu ya urembo, na mwaka wa kwanza mtu akigusa dari alasiri alihisi uvuguvugu mkononi. Chagua bati la rangi nyepesi, na acha matundu yenye wavu kwenye pembe tatu za paa pande zote mbili ili hewa ya moto ipite juu ya dari na kutoka.

Umesema kiwanja chako kinatazama barabara upande wa magharibi. Hapo utashawishika kuweka sebule na madirisha makubwa mbele. Usifanye hivyo. Dodoma iko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linakuwa karibu na utosi, na kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na paa lililotokeza sentimita 75 tu. Jua la saa kumi jioni linaingia kwa ubavu na hakuna paa linaloweza kulizuia. Nyoosha urefu wa nyumba kutoka mashariki hadi magharibi, na upande wa barabara weka stoo, choo na ukuta usio na madirisha mengi. Paa hilo lililotokeza litalinda pia kozi za chini dhidi ya matone yanayoruka, kwa maana ukuta usio na plasta huliwa kuanzia chini.

Maji nitayasema kwa kifupi. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 120, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, litakupa lita 54,700 hivi. Tangi la lita 5,000 litafurika mwezi wa kwanza wa mvua. Mimi nilichimba la chini ya ardhi la lita 20,000, na maji ya mvua ya kwanza, yanayobeba vumbi la bati, nayaelekeza kwenye migomba.

Uliuliza pia kuhusu EDGE, cheti cha majengo yasiyoharibu mazingira kinachotolewa chini ya IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia. Kinataka uokoe angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji na katika hewa ukaa iliyotokana na kutengeneza vifaa, na kwa anayejenga nyumba za kuuza kinaweza kumsaidia sokoni. Kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, ada yake ningeitumia kumlipa mhandisi aje mara tatu: kwenye msingi, kwenye lenta na kwenye kenchi, yaani fremu ya paa.

Ukishapima udongo kwa chupa na kisanduku, weka hapa vipimo vya matabaka na pengo, nitakuambia ningechanganya vipi. Yale matofali 400 yaliyoharibika niliyapanga kuwa njia ya kwenda kwenye jiko la nje, na yameshaanza kuota majani katikati.