Ripoti ikihifadhiwa, inarudi kuwa data?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya TEHAMA. Tumefundishwa kwamba data ikichakatwa inakuwa taarifa, na taarifa ikieleweka inakuwa maarifa. Sasa nikihifadhi ripoti kwenye kompyuta, si imekuwa data tena? Na hayo maarifa kompyuta inayaweka wapi?

JIBU: Marahaba. Umegusa pale pale ambapo maelezo ya darasani hupwaya.

Fungua Excel, andika 45292 kwenye seli, kisha badilisha muundo wa seli hiyo uwe wa tarehe. Utaona 1 Januari 2024. Namba iliyohifadhiwa haijabadilika hata tarakimu moja, maana Excel huhesabu siku, na 1 Januari 1900 ndiyo siku ya 1. Kilichoongezeka ni kujua namba ile inasimamia nini. Hapo ndipo data inapogeuka taarifa.

Maana hiyo ikipotea, hasara huwa kubwa. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, walipoteza chombo cha angani cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni, nyingine ikazisoma kama niutoni, ambacho ni kipimo tofauti cha nguvu. Namba zilisafiri bila kipimo chake. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi waandike "uzito_kg" juu ya safuwima, si "uzito" peke yake.

Kwa hiyo ripoti yako ya mauzo ni taarifa kwako uliyetaka kujua mwezi umeendaje. Kwa makao makuu yanayojumlisha ripoti za matawi yote, ni data. Kwenye diski, zote mbili ni biti tu, yaani 0 na 1. Jina linategemea anayeuliza na anachouliza.

Maarifa ndiyo yanayosema la kufanya. Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford kilitengeneza MYCIN, programu ya kupendekeza antibiotiki. Ilikuwa na kanuni zipatazo 600 za "ikiwa hivi, basi vile" zilizotokana na utaalamu wa madaktari, zikiwa zimetengwa na vipimo vya mgonjwa. Akija mgonjwa mwingine, vipimo vinabadilika, kanuni zinabaki.

Kwenye mitandao ya neva ya leo, yaani programu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano, huwezi kunyooshea kidole kanuni moja. Ilichojifunza mashine kimetawanyika katika mamilioni ya namba, na ukifungua faili lake, hizo namba ndizo utakazozikuta.