Samaki kila siku, goita imetoka wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Nansio, Ukerewe. Mama yangu, miaka 52, ana uvimbe shingoni, anachoka haraka na anajifunika shuka hata jua likiwa kali. Kipimo cha damu kinaonyesha TSH iko juu, tukaambiwa homoni hiyo inatoka kichwani. Kichwa na shingo vinahusianaje? Halafu shuleni tulifundishwa samaki anazuia goita. Kwetu sangara na dagaa hawakosekani. Imekuwaje?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Mwalimu wako alisema kweli, ila samaki aliyemkusudia ni wa baharini. Bahari ndiyo ghala la madini joto, yaani aidini. Ziwa letu ni la maji baridi, na madini hayo humo ni haba. Sato na dagaa wana protini nzuri, mama aendelee kuwala, lakini asiwategemee kwa goita. Udaga nao, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, usipolowekwa vizuri, huacha kemikali inayozuia tezi kunasa aidini.

Sasa kichwa na shingo. Tezi ya thairoidi imekaa chini kidogo ya koromeo, ina umbo la kipepeo. Hutengeneza thairoksini, homoni inayopanga mwili uchome chakula kwa kasi gani. Kila molekuli yake hubeba atomi 4 za aidini. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya harage. Hii hupima thairoksini iliyomo kwenye damu. Ikiona imepungua, humwaga TSH, ambayo ni amri kwa thairoidi: ongeza kazi! Thairoksini ikitosha, amri hupoa. Isipotosha, amri haikomi, na tezi inayosukumwa miezi na miaka hutanuka. Ndiyo goita hiyo. Pituitari ya mama inafanya kazi yake sawasawa; thairoidi ndiyo imeshindwa kuitikia, na mwili unaochoma chakula polepole lazima uone baridi na uchovu.

Lakini usikimbilie kusema ni madini tu. Kwa wanawake wa umri wake, mara nyingi kinga ya mwili yenyewe ndiyo hushambulia tezi. Kwa hiyo tafadhali msimpe matone ya aidini ya kujinunulia: kwenye goita ya siku nyingi yanaweza kuipeleka tezi mbio ghafla, moyo ukaanza kwenda kasi.

Mpeni glasi ya maji, ainue kidevu, anywe mkiangalia. Uvimbe ukipanda na kushuka anapomeza, kuna uwezekano mkubwa ni wa tezi. Kisha mleteni hospitali ya Bugando, Mwanza, apigwe ultrasaundi. Sauti ikikauka, au akipata shida kupumua au kumeza, msisubiri. Akiandikiwa vidonge vya thairoksini, avimeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai, na damu ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Chumvi nunueni ya pakiti yenye madini joto, ikae kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke, itiwe mboga ikikaribia kuiva. Kiasi msikiongeze, mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu za aidini kwa siku. Na kama hapo nyumbani kuna mjamzito, chumvi hiyo asiikose hata siku moja: yeye anahitaji 250, maana ubongo wa mtoto aliye tumboni hujengwa kwa thairoksini ya mama yake.